Siku Uliyoweka Ufunguo Juu ya Boneti

Kwa Moraa, mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizia hali. Mimi sitaulizia yako, kwa sababu dirisha la jikoni liko wazi na nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu sufuria atakazokufungia. Uko mzima, na kwa ninavyosikia unaelekea kushinda.

Niko hapa nje, ndani ya gari. Nilimwambia mama yako nakuja kuangalia upepo wa magurudumu, na magurudumu yako sawa. Nimekaa kwenye kiti cha abiria, kiti changu cha siku zote, na nimeweka daftari juu ya goti. Jua la mwezi wa nane bado linawaka juu ya mapaa ya Plymouth kana kwamba halijui kesho unaondoka. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, lakini Kiswahili utakisoma polepole, na haya nataka uyasome polepole.

Mambo ya makoti, dawa ya kikohozi na mafuta ya gari ameshayasema mama yako, tena mara nyingi. Mimi nina jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla hujashika njia ya kwenda chuoni Duluth, watu wa kanisa watakuja kuliombea gari. Bwana Ondieki ndiye atakayeongoza maombi, na unajua mnachokumbuka wewe na yeye mkionana. Kuna neno nataka kulisema mbele yao, linahusu jina lako, na si haki ulisikie mara ya kwanza pamoja nao.

Unajua kwamba mimi nilijifunza kuendesha gari uzeeni. Kule nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa shule yetu alikuwa na miguu na mwavuli. Magari niliyajua kutoka kiti cha nyuma cha gari la mwalimu mkuu. Nilichojua kuhusu bima nilikijua hapo. Askari alitusimamisha, akazunguka mbele, akasoma stika iliyobandikwa kwenye kioo, akatupungia tuendelee. Kwangu mimi bima ilikuwa karatasi ya rangi iliyogandishwa kwenye gari. Hata mtu akinunua gari la mwenzake, niliona akiendesha na stika ya mwenyewe wa kwanza mpaka iishe, na hakuna aliyemuuliza.

Mama yako alitutangulia huku Minnesota kwa kazi ya uuguzi, sisi tukamfuata, nami nikapata kazi kwenye ghala la Shakopee. Nilikuwa naenda kwa gari la wenzangu tukiwa tumebanana na vyakula vyetu mapajani. Leseni niliipata baada ya aibu ya kurudia mtihani. Miezi michache baadaye wewe ukapata ruhusa ya mwanafunzi, na sheria ikasema mtu mzima mwenye leseni akae kando yako. Ndivyo nilivyogeuka mwalimu wa kitu nilichokuwa nimekijua juzi. Ulikuwa unanikumbusha indiketa mimi, halafu unaniangalia kwa huruma.

Ulikuwa na mtindo wako hata siku zile. Kabla ya kuwasha gari la mama yako ulifungua kisanduku kile mbele ya abiria, ukatoa kadi ya bima, ukasoma tarehe, ukairudisha. Halafu mkanda, halafu vioo. Kila mara, hata kama tulikuwa tumetoka dukani dakika chache tu. Nilikucheka nikakuita askari wa trafiki. Ulijibu kwamba mkufunzi wenu alisema gari lisilo na kadi ni chuma tu, na nikasema mkufunzi wenu ana maneno mengi.

Baadaye injini ya gari lile ikafa wakati wa baridi, bima yake ikafutwa, na mama yako akasafiri kwenda Kisii kumuuguza bibi yako. Tukabaki sisi wawili na basi. Ulikuwa umebakiza saa za mazoezi kabla ya kufanya mtihani wa barabarani, na nilikuona ukikaa dirishani ukitazama vijana wa jirani wakitoka na magari ya wazazi wao. Hukunilalamikia, lakini iliniuma. Nikajiambia kwamba mama yako atarudi akute gari uani na binti ana leseni, na safari hii atajua kwamba mume wake pia anaweza kupanga jambo likapangika.

Nikanunua gari hili kwa Bwana Ondieki bila kumwambia mtu. Alikuwa amepata jipya. Alinizungusha kulitazama, akagonga boneti, akanionyesha stika kwenye kibao cha namba cha nyuma. "Mwalimu, hii gari iko sawa kabisa," akasema. "Stika ni ya mwaka ujao." Moyo wangu ukatulia tuli. Niliiona ile stika kwa macho niliyotoka nayo nyumbani, na macho yale yaliniambia kwamba gari lina bima mpaka mwaka ujao.

Jumapili ile tulitoka ibadani, kwenye ule ukumbi wa kukodi kule Phillips, na watu wakalizunguka gari pale barabarani. Unajua tunavyofanya. Wanaume waliweka mikono juu ya boneti, akina mama wakashika milango, na Bwana Ondieki akaomba kwa sauti. Akalikinga gari na ajali, na wezi, na barafu ile isiyoonekana. Aliomba vizuri, sitamnyima hilo. Tuliposema amina nilikuwa nimejaa sifa mpaka shingoni. Nikakunyooshea ufunguo mbele ya watu wote. "Mama, tupeleke nyumbani," nikasema, na watu wakapiga makofi.

Ulifurahi. Nilikuona. Ukaingia, ukarekebisha kiti, halafu ukafungua kisanduku kama kawaida yako. Ndani mlikuwa na chanuo na tishu kuukuu tu. Ukatoka, ukanisogelea karibu sana, ukaniuliza kwa sauti ya chini, tena kwa Kiswahili safi, ili usiniaibishe. "Baba, kadi ya bima iko wapi?"

Nikakuonyesha stika.

Ukaniambia kwa upole kwamba ile ni ya kuandikisha gari tu, na kwamba bima ni kitu kingine, haibandikwi popote. Bwana Ondieki akacheka, akasema watoto wa nchi hii wamesoma mpaka wamepitiliza. Mtu mwingine nyuma yangu akauliza, gari likishaombewa tunaogopa nini tena? Wakacheka wote. Uso ukanishuka. Nikatumia sauti niliyokuwa naitumia darasani, ile iliyokuwa inanyamazisha kidato kizima, nikakuamuru uingie uendeshe.

Uliweka ufunguo juu ya boneti, pale pale mikono ya watu ilipokuwa. Ukasema, "Siwezi ku-drive hii gari, Baba. Na wewe pia, please, usi-drive."

Nikachukua ufunguo nikaondoka. Nilikuacha kando ya barabara na Biblia yako na mfuko wa chapati.

Sikufika mbali. Taa moja ya breki ilikuwa haiwaki, na askari akanisimamisha. Alikuwa kijana mpole, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Akaomba leseni, nikampa. Akaomba bima, nikamwambia kwa heshima zote aende nyuma ya gari akaisome stika. Na alienda, Moraa! Alienda akatazama, akarudi, akaniuliza tena taratibu, kama nilivyokuwa nikimuuliza mwanafunzi ambaye sikutaka kumwaibisha. Hapo ndipo nilipoelewa. Akaandika alichoandika, na gari la kukokota likaja kulichukua gari lililokuwa limetoka kuombewa. Nikabaki kando ya njia nimevaa suti.

Nilikupigia simu nikiwa nimejiandaa kugombana. Hukuuliza kitu ila nilipo. "Usitoke hapo, nakuja," ukasema, ukakata. Ukaja na basi. Ukakaa kando yangu kituoni, ukafungua mfuko, ukaipasua chapati, ukanipa kipande kikubwa. Nilingoja uyaseme yale maneno ambayo mtu yeyote angeyasema. Nilikuwa hata na jibu lake, jibu kali kabisa. Ukala chapati yako, ukaniambia basi letu linakuja. Mpaka leo hujayasema. Mimi katika umri wako ningeyasema kabla sijakaa, na katika umri wangu wa sasa sina hakika kama ningeweza kuyameza.

Yaliyofuata unayajua, lakini kuna jambo moja hukulijua. Nilikwenda mahakamani, leseni ikachukuliwa kwa miezi, na tulipolikomboa gari tukatafuta bima, kampuni zilisoma kosa langu kabla ya kusoma jina langu. Binamu yangu aliyeko Uingereza huniambia kwamba kwao makosa yanahesabiwa kwa pointi. Huku kwetu Minnesota hatuna pointi, lakini kosa linaandikwa na linakaa. Mkufunzi wako ndiye aliyenieleza lingine. Nilimkuta siku moja nikamsimulia yote, akaniuliza nani alikuwa kwenye usukani. Nilipomwambia ni mimi, akashusha pumzi. Akasema mwanafunzi akiandikiwa kosa anaweza kulazimika kuanza upya kungoja mtihani, na alama ya kosa hilo inaanza naye maisha ya udereva. Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa nimeganda. Ningekuandikia alama ile kwa mkono wangu mwenyewe, Mama, huku watu wakipiga makofi.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeweza kuicheka. Lakini kanisani ilizaliwa hadithi nyingine. Ilisemwa kwamba gari lilikuwa limebarikiwa, na mtoto akalikataa mbele ya watu, na ndiyo maana likakamatwa siku ile ile. Wakasema una kichwa kigumu, wakasema mdomo wako una mkosi. Bwana Ondieki aliisimulia vizuri kama anavyoomba. Siku moja baada ya ibada aliisimulia nikiwepo, na mimi nikacheka pamoja nao. Nikaongeza la kwangu, kwamba watoto tuliowaleta huku hawana adabu tena. Niliona ni rahisi zaidi kuitwa baba wa binti mkaidi kuliko kuitwa mwalimu asiyejua bima ni nini.

Ulikuwa nyuma yangu na sinia la chai. Nilijua uko hapo kwa sababu vikombe viligongana. Ukanipa kikombe changu, na sukari ilikuwa sawasawa, kama ninavyoipenda. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Leo nakwambia kwamba nilijua umesikia, na naomba unisamehe. Nimekuwa nikiutafuta msamaha huu tangu wakati ule bila kufungua mdomo, na mwanamume wa umri wangu anaweza kupoteza miaka mingi kwa mchezo huo.

Mama yako aliporudi nilimweleza mwenyewe. Kuhusu stika alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Na mtoto ulimwacha barabarani?" Hakurudia swali. Hakuhitaji.

Sasa niache niseme yale yaliyonifanya nije kukaa humu jioni hii badala ya kukunja nguo zako. Mama yako alikaa nawe saa zilizobaki, ukafanya mtihani mara moja tu ukapita. Mara moja! Nilimwambia kila mtu ghalani, hata wale wasiojua nina mtoto. Na kwa kuwa leseni yangu ilikuwa bado imeshikwa, wewe ndiye uliyenipeleka Shakopee asubuhi kabla ya shule, ukirudi kunichukua ulipoweza. Wenzangu walikuwa wakishushwa na wake zao na rafiki zao. Mimi nilishushwa na binti yangu, na nilifunga mlango polepole ili waone.

Angalia zulia la upande huu utakapopata nafasi. Limechakaa pale mguu wangu wa kulia ulipokuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Wewe uliniuliza mara ya kwanza, "Baba, unabonyeza nini?" na tukacheka mpaka taa ikageuka kijani na wa nyuma yetu akapiga honi. Theluji ilipoanza nikangoja uogope, nawe ukapunguza mwendo, ukaacha nafasi mbele yako, ukawaacha wenye haraka watupite. Ulisimama kabisa kwenye alama ya kusimama hata asubuhi ambapo hakukuwa na mtu wala kulungu. Sikuwahi kukuambia nilichokuwa nawaza nikikutazama. Nilikuwa nawaza kwamba huyu ni wangu. Nilikuwa nawaza mama yangu, ambaye wewe umebeba jina lake, angekaa kiti hiki bila kushika kitu chochote.

Ni humu pia nilipojua unataka kusomea ujenzi wa barabara. Ulikuwa unalaani jinsi walivyoiunganisha ile njia ya kuingilia barabara kuu, nami nikasema kwa mzaha kajenge yako. Ukasema ndiyo nia yako. Kesho unaenda kuianza. Nakuonea fahari kiasi kwamba kuandika kunakuwa shida, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Huko Duluth utakutana na vijana wa kwetu, na itakuwa furaha. Watagundua una gari kabla hawajajua jina lako. Tulivyolelewa, gari la mmoja ni la wote, na anayekataa kutoa ufunguo huonekana ana majivuno. Watasema ni dukani tu, mara moja, anarudi sasa hivi. Sina mahubiri juu ya hilo. Wapakie, wapeleke, wala usiwe mchoyo wa kiti. Lakini kwenye ufunguo unalijua lako, na najua wakati mwingine litakuacha umesimama peke yako kando ya njia ukiwatazama wakiondoka wamekasirika.

Ndiyo maana nataka ujue kinachotokea ndani ya gari linaloondoka. Hakuna anayeweza kukueleza isipokuwa mimi. Siku ile nilipofika kwenye kona nilikutazama kwenye kioo. Ulikuwa umesimama umekumbatia Biblia, gauni lako la bluu linapigwa na upepo. Na nilijua uko sahihi. Nilijua hapo hapo, Moraa, kabla ya askari, kabla ya taa ya breki. Sikugeuza gari kwa sababu wale wanaume walikuwa bado wananipungia mkono. Basi ukiachwa hivyo tena, usidhani kwamba aliyeondoka hajakusikia.

Kesho, Bwana Ondieki atasema tusogee tulizunguke gari. Kabla watu hawajafumba macho nitaomba neno. Nitawaambia kwamba siku ile aliyekosea ni mimi, kwamba nilidhani stika ya namba ni bima, kwamba binti yangu alinionya kwa adabu mara mbili nikamfokea, na kwamba hapakuwa na mkosi wowote katika mdomo wake. Nitawaambia pia kwamba nilicheka nilipopaswa kumtetea. Najijua, naweza kutafuta njia ya kuigeuza iwe mzaha. Ndiyo maana nakupa barua hii jioni hii hii, ukimaliza vita vyako vya sufuria, ili nikiamka nisiwe na pa kukimbilia.

Nikishasema, nitakunyooshea ufunguo kama nilivyofanya siku ile. Safari hii usinong'one. Ingia, fungua kisanduku, toa kadi, isome tarehe watu wote wakikutazama, na usiharakishwe na mtu, hata mchungaji. Na kama utaona kitu hakiko sawa, uweke ufunguo juu ya boneti. Mimi na Bwana Ondieki na suti zetu tutachukua mizigo yako kichwani, tukusindikize kituo cha basi.

Baba yako,
abiria wako wa kwanza.